Kutu ya Kupaka

Mtu hukaa mezani pake majuma mengi akiunga vipande vya plastiki mpaka vikawa nyambizi ndogo. Huvigandisha kwa gundi, husugua maungio kwa msasa hata mwili wote ukawa laini kama kokwa ya ukwaju, kisha huupulizia rangi ya kijivu, tabaka juu ya tabaka, pasipo kuacha alama ya kidole. Chombo kikiisha kutimia na kupendeza, mtu huyo huyo huanza kukiharibu. Hukitia kutu ubavuni. Huchubua rangi aliyoipaka kwa saburi. Hukisiriba masizi, chumvi na utando wa mwani. Wala hatosheki mpaka mtazamaji aseme kwamba chombo hicho kimeingia bandarini jana, baada ya miezi miwili ya mawimbi.

Kwa wasioijua kazi hii, jambo hilo ni mchezo usio na madhara, kama mtoto anayejichora masharubu kwa makaa. Lakini limo ndani yake swali ambalo si la kitoto. Je, yafaa kukipa kitu umri ambao hakikuuishi? Plastiki ile haikuonja bahari hata siku moja. Kutu yake ni rangi, masizi yake ni unga, na uchovu wake wote umetoka katika vichupa vilivyopangwa mezani. Ikiwa kunena lisilokuwa ni uongo, mkono unaopaka lisilokuwa waitwaje?

Kabla ya kuuhukumu mkono huo ni haki kutazama unavyofanya kazi, maana aghalabu watu huhukumu upesi kazi wasiyoijua. Na itwaliwe nyambizi ya Ujerumani ya namna ya VIIC, ambayo zaidi ya 500 zilitumika katika Vita vya Pili vya Dunia, na ambayo waundaji wa mifano huipenda kuliko nyingine zote. Chombo chenyewe kilikuwa na urefu wa mita 67. Kikipunguzwa kwa kipimo cha moja kwa 72, huwa na urefu wa sentimita 93 hivi, sawa na mkongojo wa mzee. Ndani mlikuwa na mwili mnene wa chuma wa kustahimili uzito wa maji. Juu yake liliwekwa ganda jembamba lenye matundu mengi, ambayo maji yalipita kila nyambizi ilipozama na kuibuka. Ndipo kutu ilipoanzia. Ilishika kwenye midomo ya matundu, ikateremka ubavuni katika michirizi, kama machozi yanavyofuata njia yake usoni. Sitaha ya mbao ililowa na kukauka, ikalowa na kukauka, mpaka ikapauka. Karibu na tezi palitokea moshi wa injini za dizeli, na pale chuma kilivaa masizi. Palipokanyagwa na viatu vya mabaharia, au paliposhikwa na mikono yao wakipanda mnarani, rangi iliondoka na chuma kikang'aa. Kwenye mstari wa maji uliota ukijani ambao kila mtu wa pwani anaujua.

Mwigaji hana budi kuyajua hayo yote kwanza, ndipo afungue kichupa. Ana njia nyingi, na baadhi yake ni za ajabu. Iliyo rahisi kuliko zote ni ya chumvi. Fundi hupaka rangi ya kutu mahali anapotaka pachubuke, akaacha ikauke, akalowesha kidogo na kunyunyiza chumvi ya jikoni. Chumvi ikiisha kushika, hupuliza rangi ya kijivu juu ya yote. Hatimaye huipangusa chumvi, na kila punje inayobanduka huacha kidonda chekundu chenye kingo zisizo sawa, kidonda ambacho hakuna brashi ingeweza kukichora vile. Chumvi, adui wa kila chuma baharini, hapa imekuwa mtumishi wa yule anayeigiza uadui wake. Njia nyingine hutumia dawa ya kupulizia nywele. Hiyo hupigwa kati ya rangi ya chini na rangi ya juu, na kwa kuwa huyeyuka majini, brashi iliyoloweshwa huweza kuibandua rangi ya juu vipande vipande. Kisha huja rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana kwa tina, ambayo hukimbilia yenyewe katika mifereji na pembeni mwa misumari ya chuma na kuvitia kivuli. Kwa michirizi, fundi huweka nukta ndogo za rangi ya mafuta chini ya tundu, akazivuta kwenda chini kwa brashi yenye tina kidogo, mpaka nukta ikawa uzi na uzi ukafifia. Risasi ya penseli ikisuguliwa juu ya ngazi huleta mng'ao wa chuma kilichosuguliwa na mikono ya watu.

Tena iko siri moja isiyoaminika mpaka ionekane. Rangi halisi ya nyambizi, hata ikipatikana kutoka pipa lile lile la kiwandani, ikipakwa juu ya mfano mdogo huonekana nzito mno. Kitu cha mbali hupauka kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na jicho, na mfano mdogo hutazamwa kama kitu cha mbali. Kwa hiyo fundi mwangalifu huizimua rangi ya kweli kwa nyeupe kidogo. Maana yake ni kwamba, ili aseme kweli kwa jicho, humlazimu kuiacha kweli ya pipa. Anayeshutumu uigaji wote kuwa ni uongo hulikuta hapa jiwe la kwanza la kujikwaa.

Sheria ya kazi hii kwa mafundi waliobobea ni moja, nayo ni kali: kila alama na iwe na sababu. Kutu isiyo na tundu wala mshono wa kutokea ni dhambi. Mchirizi unaokwenda kando ilhali maji huteremka ni dhambi. Masizi mbele ya mahali yanapotokea moshi ni kichekesho. Kipimo nacho kina ukali wake: mchirizi wa mita moja katika moja kwa 72 ni milimita 14 tu, na mwenye mkono mzito huweza, kwa kufumba na kufumbua, kuchora mto wa kutu ambao haukupata kushuka katika ubavu wa chombo chochote. Yaliyo uzembe kwa mpakaji wa nyumba, kwa fundi huyu ni kosa dhidi ya ukweli.

Shutuma ya uongo basi haiwezi kusimama katika umbo lake la kwanza. Uongo hutaka mtu wa kudanganywa. Mchongaji anayekifukia kinyago kipya udongoni, akakifukiza moshi na kukipigapiga kingo, ili mgeni akinunue kwa thamani ya kinyago cha mababu, anadanganya. Naye hutumia ujuzi ule ule wa kuigiza umri. Lakini hakuna anayeitazama nyambizi ya sentimita 93 juu ya rafu akadhani ilipata kubeba watu. Mwigaji hajaficha kitu. Amesema, kama wasemavyo wachezaji jukwaani, kwamba huu ni mfano. Na ndani ya mkataba huo anaruhusiwa kulia machozi yasiyo yake. Tofauti kati ya hao wawili haimo katika rangi wala katika mkono. Imo katika lile analoliamini mtazamaji anapoondoka.

Hata hivyo, jibu hilo lafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Ikiwa neno kubwa ni lile analoliamini mtazamaji anapoondoka, yapasa kuuliza: mtazamaji wa kutu hii huondoka akiamini nini?

Wenye vyombo vya kweli hawaipendi kutu. Mabaharia wa jahazi wameshindana na bahari tangu kale kwa deheni na sifa, wakakilaza chombo pwani na kukipaka upya, kwa sababu wajua kwamba chombo kilichoachwa kimekwisha kuliwa. Mambo ni hayo hayo katika makumbusho. Nyambizi ya Ujerumani U-505 ilitekwa na wanamaji wa Marekani tarehe 4 Juni 1944 katika bahari ya Afrika ya Magharibi, na tangu 1954 ikawekwa Chicago, nje, katika mvua na theluji. Miaka hamsini ya hali ya hewa iliidhuru hata ikabidi, mwaka 2004, ihamishiwe ndani ya jengo lililochimbwa chini ya ardhi na kutengenezwa upya. Pale Chicago watu walitumia fedha nyingi kuiondoa kutu kwenye nyambizi ya kweli. Na pengine usiku ule ule, katika nyumba fulani, mtu alikuwa ameinama chini ya taa akiitia kutu nyambizi ya plastiki. Mmoja alitaka kitu kidumu. Mwingine alitaka kionekane kwamba kimeishi.

Hamu hiyo ya pili ndiyo yenye hatari. Kutu juu ya chuma ni kama mvi juu ya kichwa. Mtu mwenye mvi hupishwa njiani na kuamkiwa kwa heshima kabla hajajulikana tabia yake, kwa kuwa inadhaniwa kwamba aliyeona mengi amejifunza mengi. Nyambizi iliyopakwa kutu kwa ustadi hupata heshima ya namna hiyo. Jicho humwona mzee aliyerudi kutoka katika taabu, moyo humhurumia, na huruma hiyo humwendea silaha. Nyambizi mpya inayong'aa ni kitu baridi, ni mtambo wa kuua uliotoka kiwandani, na mtazamaji aweza kuuchukia pasipo shida. Ile iliyochakaa humwia vigumu kuichukia.

Mtetezi wa kazi hii atasema kwamba huruma hiyo ina haki yake, naye hakosei kabisa. Kati ya Wajerumani wapatao 40,000 waliotumika katika nyambizi wakati wa vita ile, 30,000 hivi hawakurudi. Katika majeshi ya dunia ni machache yaliyopoteza fungu kubwa hivyo. Wengi walikuwa vijana waliokaa majuma mengi katika harufu ya dizeli na jasho, wakisikiliza mabomu yakilipuka majini juu ya vichwa vyao. Kuukumbuka mchoko wao si kuikubali nia ya waliowatuma. Ni kweli. Lakini kweli hiyo hiyo inauumbua uigaji wenyewe, kwa sababu nyambizi nyingi zilizamishwa katika safari zao chache za kwanza, nyingine katika safari ya kwanza kabisa. Zilikufa na rangi yao. Mwundaji anayeitandika kila nyambizi kutu ya miaka mitano anasimulia maisha marefu ambayo vyombo vingi na vijana wengi hawakuyapata. Anaipamba mauti kwa uzee.

Hapo sheria ya mafundi, kwamba kila alama iwe na sababu, yataka kupelekwa mbele kuliko mafundi wenyewe wanavyopenda kuipeleka. Haitoshi kuuliza kama kutu imetoka katika tundu lake. Yafaa pia kuuliza ni chombo gani, siku gani, na siku ile kilikuwa kikifanya nini.

Uko mfano mmoja unaozihusu nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za abiria uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Mmojawapo wa meli hizo uliitwa Khedive Ismail. Ulichukua zaidi ya watu 1,500, wengi wao askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, pamoja na mabaharia, wauguzi na wanawake wengine wa majeshi. Wakati huo huo nyambizi ya Japani, I-27, ilikuwa imetoka Penang kuingia Bahari ya Hindi. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, topido zake ziliupiga Khedive Ismail. Meli ilikwenda chini kwa dakika chache mno. Watu 1,297 walikufa, na miongoni mwao wanawake 77.

Wale walioweza kujitupa majini hawakuwa wamesalimika bado. Nyambizi ilikuwa chini, karibu nao au chini yao hasa. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ziliutafuta mtambo huo. Na Petard ikatupa mabomu yake ya kulipukia majini mahali ambapo watu walikuwa wakielea. Meli nne za msafara zilikuwa zimejaa watu, na nyambizi ikiachwa ingeweza kupiga tena. Kama nahodha alikuwa na njia nyingine ni swali lililojadiliwa tangu siku ile, wala halijaisha, na si rahisi kulijibu kwa mtu aliyeketi kitini nchi kavu. I-27 ilitokezwa juu kwa nguvu ya mabomu, ikashambuliwa kwa mizinga. Paladin ilipoikaribia kwa kusudi la kuigonga ilipasuliwa ubavu. Na mwisho topido ya Petard iliimaliza nyambizi, na karibu mabaharia wake wote wakafa ndani yake.

Sasa na achukuliwe fundi mwaminifu anayetaka kuunda I-27 kama ilivyokuwa alasiri ile. Katika kipimo cha moja kwa 350, nyambizi hiyo ya mita 109 hivi huwa na urefu wa sentimita 31. Rangi yake ni nyeusi. Mkono wa fundi, kwa mazoea, hutafuta chumvi na vichupa vya kutu, kwa kuwa habari ni nzito na rangi yataka iwe nzito pia. Lakini siku zake baharini katika safari ile ni chache, haba hata kwa kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili au zaidi kidogo. Kutu yoyote iliyobaki katika maungio yake ni ya safari za nyuma, kwani ilitumika tangu 1942. Safari iliyowaua watu 1,297 haikuwa na wakati wa kuiandikia kitu ubavuni. Maji ya alasiri ile yaliteremka katika matundu yale yale, yakaiacha rangi kama yalivyoikuta.

Ni jambo gumu kwa jicho kulikubali. Jicho hutaka tendo kubwa liache alama kubwa, na muuaji awe na uso wa muuaji. Fundi akiitandika I-27 kutu nyekundu tangu omo hata tezi, watazamaji watanyamaza mbele yake na kuona kwamba amewaheshimu wafu. Ilhali ukimya huo umenunuliwa kwa alama zisizo na sababu. Akiiacha karibu safi, na ukijani kidogo mstarini, na mng'ao wa penseli ngazini, watapita wakienda kutazama mfano wa jirani. Kweli hii haina mvuto wa rafu.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kumtwika mzigo mkubwa mtu anayejiburudisha baada ya kazi. Mtu ana haki ya kupumzika kwa gundi na rangi zake, na si kila meza ni kaburi. Hoja hiyo ni njema kwa nyambizi isiyo na namba. Lakini fundi ndiye aliyechagua kuandika namba juu ya mnara, na tarehe juu ya kibao cha shaba chini yake. Na aliyeandika namba na tarehe amejitia mwenyewe katika historia ya watu, ambao watoto na wajukuu wao wanaishi Kenya, Uganda na Tanzania, na ambao hawana mahali pa kuweka jiwe kwa kuwa bahari haina kichwa cha kaburi.

Waundaji wengi huviweka vyombo vyao juu ya bahari ya kuiga, iliyofinyangwa kwa gundi na kupakwa samawati na kijani, na povu la pamba omoni. Atakayeiunda bahari ya tarehe 12 Februari kwa kipimo cha moja kwa 350 atakutana na hesabu nyingine. Mtu mzima aliyesimama, katika kipimo hicho, ni milimita tano. Anayeelea haonekani ila kichwa, na kichwa chake hakifiki hata milimita moja. Ni nukta ya brashi nyembamba, ile ile iliyotumika kutia madoa ya rangi iliyochubuka mnarani. Kuzitia nukta hizo majini ni kazi ya jioni moja. Fundi aliyekwisha kuisafisha brashi yake, na kuirudisha nyambizi nyeusi mahali pake juu ya maji, huketi akiitazama bahari hiyo ambayo bado haina mtu.